Kionjo cha Sekunde Arobaini

Harusi nyingi za Rumonge siku hizi, za Waislamu na za Wakristo, hupigwa video na Mwasiti Amissi. Ana miaka ishirini na tano, kamera moja nzuri, kompyuta ya kukatia picha, na chumba kidogo alichopanga karibu na soko la mji huo wa Burundi ulio kando ya ziwa. Watu wanampenda kwa sababu hana papara. Ila ana tabia moja inayowachosha wateja. Kabla hajaanza kazi huwazungukia wageni wote, mmoja mmoja, hata wapishi walioko nyuma ya nyumba, akiwauliza kama wanakubali kupigwa picha. Asiyetaka, Mwasiti humkwepa siku nzima. Bwana harusi mmoja alimwambia kwamba kwa mwendo huo keki italiwa kabla kamera haijawashwa. Mwasiti akajibu kwamba ndivyo anavyofanya kazi, na hakueleza zaidi.

Jambo lenyewe lilianza mwaka wa 2018, alipokuwa mwaka wa mwisho wa lisee, yaani shule ya sekondari, sehemu ya lugha. Mwalimu wao wa Kifaransa, Leonsi, alikuwa kijana mwembamba kutoka Kabezi, mwenye mapenzi ya filamu yasiyo na kiasi. Alisikia kwamba Bujumbura kutakuwa na shindano la filamu fupi za wanafunzi, akaanzisha kikundi cha watu sita. Walipopiga kura wafanye filamu ya aina gani, wote walitaka taharuki. Hakuna aliyetaka mapenzi wala vichekesho.

"Sawa," alisema Mwalimu Leonsi. "Lakini kwanza mutajifunza namna inavyojengwa. Mukitaka kumuogopesha mutu, lazima mujue woga wake iko wapi."

Kila Jumamosi alileta kompyuta yake darasani wakatazama filamu za taharuki bila sauti. Mtazamaji mmoja alipewa kazi ya kuandika kila kamera inapohama, mwingine aandike nani anajua nini na nani hajui. Providence, rafiki mkubwa wa Mwasiti, alidhani kwamba woga unatoka kwenye damu. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Mukiona damu, mambo yamekwisha. Taharuki iko mbele ya damu. Iko pale mutazamaji anapojua kuna mutu nyuma ya mulango, na yule anayeufungua hajui."

Mwasiti aliandika yote. Aliandika kwamba mshukiwa wa kwanza karibu kila mara si yeye aliyetenda. Kwamba mshukiwa huyo hupigwa kutoka nyuma, uso hauonekani, na mkononi ana kitu ambacho hatujui ndani yake kuna nini. Kwamba jambo la kawaida kabisa, mtu anatembea, mtu anainama, likikatwa mahali panapofaa na kuwekewa muziki, linakuwa baya. Aliandika pia maneno ambayo Mwalimu aliyarudia mara mbili: ukimtia mtu shakani mbele ya watazamaji, lazima umtoe humo kabla filamu haijaisha.

Hadithi yao ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mtoto anapotea mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Watu wanamshuku mzee mmoja apitaye kila alfajiri na gunia begani. Ukurasa wa kumi na moja tunajua kwamba mzee hana hatia, aliyemficha mtoto ni mjomba wake. Mwasiti ndiye aliyeandika sehemu kubwa, na kwa kuwa simu yake ilikuwa na kamera nzuri kuliko za wenzake, yeye pia ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha.

Tatizo likawa mzee. Mwanafunzi aliyeitwa Boaz alijitolea kumwigiza. Walimbandika pamba kidevuni, wakampa fimbo na koti la baba yake, lakini alitembea kama mtu anayecheza ngoma. Walijaribu alasiri nzima, wakaishia kucheka hadi wakakaa chini. Mwasiti peke yake hakucheka. Alikuwa amekasirika, kwa sababu alikuwa anajua mtu halisi anayetembea sawasawa na yule mzee wa kurasa zake. Ukweli ni kwamba alipokuwa akiandika, huyo ndiye aliyekuwa akimwona.

Jina lake Fabiano. Alikimbia Burundi wakati wa mauaji ya mwaka wa 1972, akiwa na miaka kumi na sita, akaishi Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, Tanzania, miaka thelathini na saba. Aliporudi na mkewe Speciosa, alipata kipande cha ardhi nje ya mji, njia ya Kizuka, akapanda muhogo na michikichi. Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora, na kwa sababu hiyo watu wa mjini walimwita Mtanzania, ingawa alizaliwa hapo hapo Rumonge. Kila alfajiri alishuka mwaloni na gunia, akaokota majani ya majini yaliyotupwa ufukweni na mawimbi, akayapeleka shambani yawe mbolea. Sikio lake la kushoto halikusikia vizuri, kwa hiyo aliyemsalimu kutoka upande huo hakujibiwa. Hayo yote Mwasiti aliyajua. Mama yake, Mariyamu, alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, pale pale mwaloni, na mara nyingi Fabiano alimsaidia kubeba beseni.

Siku tatu mfululizo Mwasiti alijificha nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa akampiga video. Siku ya tatu mzee alikuja na mjukuu wake, binti wa miaka mitano hivi. Akainama, akatoa kiazi kilichochemshwa mfukoni, akampa, akamshika mkono, wakaenda zao kwenye michikichi. Mwasiti alishusha simu kwa furaha. Alijua amepata picha ambayo Boaz asingeweza kumpa hata kwa mwaka mzima.

"Umemuomba?" Providence alimuuliza.

"Nikimuomba atabadilika. Atatembea kama mutu anayejua anaangaliwa."

Mwalimu Leonsi naye alipoona picha hizo alizirudisha mwanzo, akaziangalia tena.

"Ni nzuri sana," alisema. "Huyu muzee amekubali?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni jirani yetu."

Hakuwa jirani, na hakuwa ameulizwa. Mwasiti anasema neno lile, ndiyo, lilimtoka bila kufikiri, kama mtu anavyojibu salamu.

Alhamisi iliyofuata alitengeneza kionjo cha sekunde arobaini, cha kuwaonyesha watu wa shindano kwamba kazi inaendelea. Alifanya kila alichofundishwa. Mzee alionekana kwa nyuma tu. Gunia lilikuja karibu, likajaza picha. Kisha mkono ukampa mtoto kitu, mtoto akakipokea, wakatembea pamoja hadi kwenye michikichi, na hapo picha ikawa nyeusi. Chini aliweka ngoma inayopigwa polepole, na mwanzoni maandishi: filamu ya wanafunzi. Akakituma kwenye kundi la darasa, WhatsApp. Wenzake walimsifu. Boaz mwenyewe aliandika kwamba amefurahi kupoteza kazi yake.

Nani aliyekitoa nje ya darasa, hakujulikana. Mtu alikata yale maandishi ya mwanzo, video ikawa nyepesi kutumwa. Mwezi huo pwani nzima, tangu Kabezi hadi kusini, kulikuwa na uvumi wa watu wanaoiba watoto. Jumamosi mchana mtoto wa miaka sita wa muuza samaki mmoja hakuonekana. Jumapili, kionjo cha Mwasiti kilikuwa kwenye simu za watu sokoni, na juu yake kuna sauti ya mwanamume asiyejulikana akisema wazazi wamwangalie vizuri huyu mzee na gunia lake.

Mwasiti alikisikia Jumapili jioni, kwenye simu ya mwanamke aliyekuja kununua ndagala. Alitambua ngoma yake kabla hajaona picha. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Alifikiri kwamba mtoto atapatikana na maneno yatakwisha yenyewe. Alifikiri pia kwamba angeweza kwenda kwa Fabiano usiku haujaingia, amwambie kesho asishuke mwaloni. Kutoka kwao hadi kule ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hakwenda. Alijiambia kwamba angemtia mzee wasiwasi bure.

Jumatatu alfajiri alikuwa mwaloni akimsaidia mama yake kutandaza samaki. Fabiano akaja kama kawaida. Wanaume wanne walimwita, lakini walikuwa upande wake wa kushoto, naye akaendelea kutembea. Kwao ule ukawa ushahidi. Wakamzunguka, na watu wengine wakaongezeka, hadi Mwasiti hakumwona tena, aliona gunia tu likiinuliwa juu na kukung'utwa. Majani yenye maji yalianguka mchangani, na kaa mmoja akakimbia kati ya miguu ya watu.

"Mutoto iko wapi?" mtu aliuliza. "Umemupeleka wapi?"

"Mtoto gani, ndugu zangu?" sauti ya Fabiano ilijibu. "Mtoto gani?"

Mariyamu aliacha beseni lake akaenda akipiga kelele kwamba anamjua mtu huyu, ni mkulima, wamwache. Mwasiti alibaki amesimama na samaki mikononi. Anasema alifungua kinywa. Sentensi alikuwa nayo, fupi kabisa: hiyo ni filamu, niliipiga mimi. Haikutoka. Mtu alimpiga Fabiano kwa kasia, naye akakinga kwa mkono wa kulia, na mfupa wa kifundo ukavunjika.

Kabla ya adhuhuri mtoto alipatikana Minago, kwa shangazi yake. Mjomba wake alikuwa amempakia kwenye mtumbwi bila kumwambia mama.

Jumatano shefu, mkuu wa mtaa, aliita mkutano. Watu walikuja wengi, hata baadhi ya wale waliokuwa mwaloni, wakakaa nyuma. Fabiano alikaa mbele na Speciosa, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Wanafunzi wa kikundi waliagizwa waje, wakakaa kwenye benchi moja na Mwalimu wao.

"Hii picha ilitoka kwa nani?" shefu aliuliza.

Benchi zima lilitazama chini. Mwalimu Leonsi alisubiri. Kisha akasimama.

"Ni kazi ya shule," alisema. "Mimi ndiye niliyeiagiza. Niliambiwa mzee alikubali, na sikwenda kumuuliza mwenyewe. Kosa ni langu. Mzee, mama, ninaomba radhi."

"Mzee Fabiano, wewe ulikubali?"

"Hapana. Sikuulizwa."

Mwalimu Leonsi aligeuka akamtazama Mwasiti mara moja tu. Hakumtaja.

"Na aliyekupiga picha unamjua?" shefu aliuliza tena.

Fabiano alichukua muda mrefu. Aliwatazama wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mwasiti alihisi macho yale yamemfikia, yakakaa, yakapita.

"Sikumwona," akasema.

Mwasiti alishusha pumzi. Anapoisimulia siku ile, hiyo ndiyo sehemu inayomwia ngumu zaidi, kwamba alipumua, na kwamba alitoka mkutanoni akiwa na njaa, akaenda nyumbani akala.

Kikundi kilivunjwa. Muhula haujaisha Mwalimu Leonsi akaondolewa lisee, akapelekwa kufundisha shule ya msingi kwao Kabezi. Siku aliyokuja kuchukua vitabu vyake alimpa kila mwanafunzi mkono. Alipofika kwa Mwasiti alisema, "Endelea kusoma, unajua kuandika," na akapita kwa Boaz. Filamu haikumalizwa. Ukurasa wa kumi na moja, ule wa kumsafisha mzee, haukupigwa hata picha moja, na kionjo kiliendelea kuzunguka kwenye simu za watu ambao hawakuwahi kusikia habari ya mkutano wala ya Minago.

Fabiano alijaribu kukaa. Lakini mkono uliunga vibaya, hakuweza tena kusukuma mashine ya kukamua mawese. Watoto njiani walimkimbia. Kina mama waliokuwa wakimsalimu walivuta watoto wao upande wa pili wa barabara, si kwa chuki, kwa mazoea tu. Baada ya miezi michache yeye na Speciosa walihamia Bugarama, juu milimani, kwa kaka yake Speciosa. Mariyamu alikwenda kuwaaga. Aliporudi alimwambia bintiye kwamba mzee alisema sentensi moja tu kuhusu safari hiyo: "Nilipotoka Ulyankulu nilidhani nimemaliza kuhama."

Miaka ilikwenda. Mwasiti alifaulu mtihani wa taifa, akajifunza kazi ya video kwa fundi mmoja Bujumbura, akarudi Rumonge. Hakutengeneza tena hadithi. Harusi zilimtosha, kwa sababu kwenye harusi watu wanataka kuonekana.

Mwaka juzi aliitwa kupiga harusi Bugarama. Kama kawaida yake alizunguka, akafika kwa wapishi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya ndizi hakuinua kichwa.

"Mimi usinipige," alisema. "Kwetu picha zilituharibia."

Alikuwa Speciosa. Mwasiti alimtambua kwa sauti, ile ya Kiswahili cha Tabora. Yeye hakumtambua Mwasiti. Harusi ile ilipigwa vizuri, watu walimpongeza, lakini Mwasiti hakumbuki chochote. Jua lilipoanza kuteremka alimfuata Speciosa, akamwambia yeye ni binti wa Mariyamu wa Rumonge, na anaomba kumsalimu mzee.

Fabiano alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amezeeka, mkono wa kulia umepinda kwenye kifundo kama tawi lililofungwa vibaya. Alifurahi kusikia habari za Mariyamu. Aliuliza kama ziwa limekula sehemu ya kuanikia samaki, kwa maana alisikia maji yamepanda. Mwasiti alijibu, kisha akapiga magoti.

"Mzee, mimi ndiye niliyekupiga picha ile."

"Inuka, mwanangu. Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa nyuma ya mitumbwi, na mtandio wa njano. Siku tatu. Nilidhani mnacheza. Hata mjukuu wangu nilimleta ile siku ya tatu kwa sababu nilijua kuna mtu anapiga picha. Nikasema naye aonekane."

Mwasiti aliinuka, akakaa chini kando ya kigoda.

"Kwenye mkutano ule," Fabiano aliendelea, "nilikutazama. Nikasema, ni mtoto, atasimama mwenyewe. Nilikuachia nafasi. Nilikaa kimya mpaka shefu akakohoa. Ungesimama, mimi ningesimama na wewe. Ningewaambia watu, huyu alikuwa anacheza, nami nilimwona na nikamwacha acheze."

"Niliogopa, mzee."

"Ndiyo. Uliogopa." Hakusema kwa ukali. "Kusamehe nilikwisha kusamehe, zamani. Lakini kule sirudi. Na huyu mama hasahau. Usimlaumu."

Mwasiti alimwambia anaweza kumpiga video sasa, aeleze mwenyewe yaliyotokea, yeye aisambaze kila mahali, kila simu. Fabiano alicheka kidogo.

"Hapana. Waache. Waliotaka kujua walijua siku ile ile." Kisha akauliza, "Yule mwalimu umemwona?"

"Bado."

"Mimi uliniumiza bila kujua. Yeye alibeba kosa lako huku anajua ni lako. Ungeanza kwake."

"Nitakwenda, mzee."

Speciosa alimsindikiza hadi njiani. Hakusema neno la ubaya. Alimpa mihogo minne ampelekee Mariyamu, na alipoagana naye alimpa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishika jembe.

Sasa ni mwaka wa pili. Mwasiti husafiri Bujumbura karibu kila mwezi kununua vifaa, na barabara ni moja tu, inapita Kabezi. Mara moja alishuka. Aliuliza shule, akaonyeshwa, akatembea hadi kwenye ua wake. Kupitia dirishani alimwona Mwalimu Leonsi akiandika ubaoni, shati lake limetiwa chaki mgongoni, na watoto wadogo wakisoma kwa sauti kila neno aliloandika. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakuonekana mtu mwenye huzuni, na hilo lilimshinda Mwasiti zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumkuta amevunjika.

Mlinzi alimuuliza anamtafuta nani.

"Nimekosea shule," alijibu, akamshukuru. "Murakoze."

Akarudi barabarani kungoja gari. Mama yake, ambaye anayajua yote sasa, humuuliza kila anaporudi kutoka Bujumbura kama amepita kwa Mwalimu. Mwasiti humwambia ukweli, kwamba amepita tu.